Nilimuuzia Bibi Habasoda

Naomba nianze kwa kukiri. Tangu mwaka wa kwanza mpaka katikati ya mwaka wa pili nilikuwa muuzaji wa mafuta ya habasoda hapa chuoni, na baadhi yenu mnaosoma makala hii mlinunua kwangu. Bumu lilichelewa, madesa hayaliwi, na dada mmoja wa mwaka wa tatu alikuwa anafunga biashara yake. Nikachukua chupa ishirini kwa elfu themanini, nikazipanga dirishani hosteli jua likizipiga vizuri, nikapiga picha na kuweka status: “Habasoda og. Inatibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo, pumu, bawasiri, nguvu za kiume na saratani. Achana na kemikali za hospitali.” Elfu kumi chupa. Ndani ya wiki mbili mzigo ulikuwa umeisha.

Sentensi ile ya mwisho sikuitunga mimi. Niliinakili kwa aliyeniuzia mzigo, naye aliinakili kwa aliyemuuzia. Inasafiri pamoja na chupa kama kizibo chake.

Desemba nilipokwenda likizo nyumbani Tarime nilibeba chupa tatu za bibi. Bibi yangu ana kisukari tangu 2019. Anaishi upande wa juu, kwenye migomba na kahawa, na kila mwezi alikuwa anashuka na bodaboda kwenda kituo cha afya kuchukua vidonge vya metfomini. Nauli kwenda na kurudi elfu sita. Akifika anapimwa, na sukari ikionekana imepanda anagombezwa mbele za watu kama mtoto aliyekojoa kitandani: mzee una mdomo, mzee huambiliki. Basi nilipoziweka zile chupa mezani, alizitazama kama mfungwa aliyeletewa barua ya kuachiwa.

“Hii haina kemikali, mwalimu?” aliniuliza. Tangu nichaguliwe kusoma ualimu hajawahi kuniita jina langu.

“Haina, bibi. Ni mbegu tu.”

Mimi nasoma ualimu wa sayansi. Masomo yangu ya kufundishia ni Kemia na Baiolojia. Jibu hilo ndilo linaloniandikisha makala hii.

Akaanza kunywa kijiko cha chakula asubuhi na jioni. Zilipoisha nikamtumia nyingine kwa basi. Vidonge akavitia kwenye kopo, kopo likakaa juu ya kabati. Januari alikuwa anasema mwili umekuwa mwepesi. Februari akaanza kuamka mara tano usiku kwenda msalani. Mwezi wa tatu kidonda kidogo cha kubanwa na kiatu, mguu wa kushoto, kikawa hakiponi, na shangazi alipompeleka hospitali kipimo kilisoma 24. Kwa mtu mwenye kisukari ambaye hajala asubuhi, wanaomtibu wanatamani waone 7 au chini yake. Kidole kidogo kikakatwa.

Alipoulizwa na daktari kama aliacha dawa, bibi alisema hakuacha hata siku moja. Alidanganya ili jina langu lisitajwe.

Niliporudi chuo nilikuwa na hasira na habasoda kana kwamba yenyewe ndiyo iliyoandika ile status. Nikaingia maktaba kutafuta ushahidi kwamba ni utapeli mtupu, niandike kitu kikali, nijisafishe. Sikuupata. Nilichokikuta ni kigumu zaidi kukiweka kwenye status: mbegu ile ina kitu cha kweli ndani yake, na bado mimi nilisema uongo.

Jina lake la kisayansi ni Nigella sativa. Kwetu Mara siyo zao la shambani. Ile unayoikuta sokoni Tarime au Mugumu, kando ya manjano na mdalasini, asili yake ni mbali, nchi kama Ethiopia, India na Misri. Mbegu zake zilikutwa hata kwenye kaburi la Farao Tutankhamun. Watu wa Pwani wanaijua vizazi na vizazi, na Waislamu wanaiheshimu kwa sababu ipo hadithi ya Mtume inayoitaja kuwa tiba ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Mwenzangu wa chumbani, mtoto wa Tanga, amekua akiila juu ya mkate. Nilipomsimulia ya bibi nilitegemea ataitetea. Akaniuliza tu: “Sasa hiyo ya kuacha dawa umeitoa wapi? Kwetu mtu anakula habasoda na hospitali anakwenda.” Sikuwa na la kumjibu.

Twende kwenye mbegu yenyewe. Theluthi ya uzito wake, au zaidi kidogo, ni mafuta ya kawaida, ndugu wa mafuta ya alizeti, yenye asidi ya linoleiki kwa wingi. Pembeni yake kuna mafuta mengine machache mno, yale yanayopaa na kukupiga puani ukisaga. Haya hayafiki hata asilimia 3 ya mbegu. Mara nyingi ni kati ya nusu asilimia na mbili na nusu, kutegemea mbegu imetoka wapi. Humo ndimo anamokaa mhusika mkuu, timokwinoni, pamoja na jamaa zake kama timoli na kavakroli. Timokwinoni ilitenganishwa miaka ya 1960, na tangu hapo watafiti hawajaiacha. Kwa panya inatuliza uvimbe na kulinda ini dhidi ya sumu. Kwenye sahani ya maabara inaua seli za saratani za aina nyingi.

Hapo kwenye sahani ndipo sisi wauzaji tunapopiga picha ya skrini na kukimbia nayo. Jamani, hata jiki inaua seli za saratani kwenye sahani. Swali ni je, ikiingia mdomoni mwa bibi, ikapita tumboni, ikapita kwenye ini, itafika kwenye uvimbe ikiwa kiasi gani? Timokwinoni haipendi maji, kwa hiyo mwili unapata shida kuifyonza. Haipendi joto. Haipendi mwanga. Ndiyo sababu mafuta yake yanatakiwa kukaa kwenye chupa ya rangi ya kahawia, mahali pa baridi. Sasa kumbukeni chupa zangu nyeupe dirishani. Kumbukeni na zile zinazopangwa juani stendi ya Tarime, spika ikipiga kelele tangu asubuhi. Hata kilichokuwa cha kweli ndani ya ile chupa tulikuwa tunakichoma na jua ili picha itoke vizuri.

Halafu kuna hesabu, ambayo ningeweza kuifanya siku ya kwanza kabisa kama ningetaka. Chukua gramu 2 za mbegu. Tuseme yale mafuta yanayopaa ni asilimia 1: hiyo ni miligramu 20. Tuseme timokwinoni ni asilimia 40 ya hayo: miligramu 8. Punje moja ya mchele ina uzito wa miligramu ishirini na kitu. Kwa hiyo katika gramu 2 za habasoda, kile kitu kinachosifiwa dunia nzima ni kama theluthi ya punje ya mchele. Sisemi haitoshi. Vidonge vingine vina kidogo zaidi ya hapo na vinafanya kazi. Nasema kwamba mtu anayekwambia “kunywa kijiko” bila kujua kijiko kina nini, anakisia. Mimi nilikisia juu ya mguu wa bibi yangu.

Na utafiti kwa binadamu upo. Uliofanyika Saudi Arabia na kuchapishwa 2010 ulichukua wagonjwa 94 wa kisukari cha aina ya pili na kuwapa mbegu zilizosagwa, ndani ya kapsuli, kwa miezi mitatu: wengine gramu 1 kwa siku, wengine 2, wengine 3. Waliopata gramu 2 sukari yao ilishuka, na hata kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi kadhaa kilishuka. Waliopata gramu 3 hawakupata faida zaidi ya hapo. Niliisoma hiyo sehemu mara mbili kwa furaha, kama mtu aliyepewa msamaha. Halafu nikafika pale ambapo wauzaji hatufiki: wagonjwa wote waliendelea na vidonge vyao. Habasoda iliongezwa juu ya dawa. Hakuna aliyeambiwa aache.

Yaani ushahidi mzuri niliouona wa kuitetea bidhaa yangu ulikuwa unapinga sentensi yangu. Tena mimi nilikuwa nauza mafuta, wao walitumia mbegu. Siyo kitu kimoja.

Lakini kilichoninyamazisha kabisa ni historia ya vidonge vyenyewe, vile alivyoviweka bibi juu ya kabati. Ulaya kuna mmea unaitwa Galega officinalis, jamii ya maharage, una maua ya zambarau. Waganga wa kienyeji wa huko waliutumia miaka mingi. Ulikuwa hatari pia. Kondoo wakiula kwa wingi wanakufa. Wanakemia wakachunguza ndani yake wakakuta kemikali inayoshusha sukari, lakini ina sumu. Wakatafuta ndugu zake walio wapole. Mmojawapo alitengenezwa maabara mwaka 1922, akasahaulika, mpaka daktari wa Ufaransa, Jean Sterne, alipoonyesha mwaka 1957 kwamba anashusha sukari kwa wagonjwa. Ndugu huyo mpole anaitwa metfomini.

Kwa hiyo bibi hakuacha kemikali akashika mmea. Alikuwa anatumia kizazi cha mmea uliopimwa miaka na miaka, kiasi chake kinajulikana na madhara yake yanajulikana, akauacha akashika mmea mwingine uliopimwa na mjukuu wake kwa kijiko cha chakula. Ni hadithi ile ile ya dawa mseto ya malaria, ambayo hakuna mtu wa kanda ya ziwa asiyewahi kuinywa: ndani yake kuna ndugu wa artemisinini, iliyotoka kwenye mmea wa Kichina, na Tu Youyou aliyeipata alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa nyingi za “hospitali” na “za asili” zimetoka shamba moja. Tofauti ni kwamba moja imepita kwenye mizani.

Serikali yetu nayo haikuwahi kusema mitishamba ni upuuzi. Pale Muhimbili kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianza mwaka 1974. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya mwaka 2002, nayo ndiyo iliyoleta Baraza la kusajili waganga. Mimi muuza chupa wa hosteli sikujua hata kama sheria hiyo ipo.

Na sisi watu wa Serengeti na Tarime tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganyika, maana tulishaona. Mwaka 2011 nilikuwa darasa la pili. Upande wa pili wa hifadhi, kijiji cha Samunge kule Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alikuwa anatoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, ambayo, nikiri, ni bei ya ubinadamu kuliko yangu. Magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita. Wapo wagonjwa waliotolewa wodini na ndugu zao ili wawahi kikombe, na wapo waliofia njiani. Sina nia ya kumhukumu marehemu mzee yule. Aliamini alichokifanya, na watafiti wetu waliuchukua ule mti wakauchunguza. Ninachojiuliza ni kitu kingine. Maelfu kwa maelfu ya watu walikunywa. Je, ni wangapi waliandikwa mahali: huyu alikuwa na ugonjwa gani, alikuwa anatumia dawa gani, baada ya miezi mitatu yukoje? Mti ule ulipata wagonjwa wengi kuliko watafiti wengi wanavyoota kupata.

Kilichonifanya nipate ujasiri wa kuandika haya ni mazoezi ya kufundisha. Julai mwaka jana nilipangiwa shule ya kata wilaya ya Serengeti, mwendo wa pikipiki kutoka Mugumu, Kemia Kidato cha Tatu. Mada ilikuwa ya moli, ile inayowafanya watoto waichukie Kemia mpaka wanazeeka. Siku ya tatu naongea na ukuta, nikaweka kando kitabu. Nikaandika ubaoni fomula mbili, C10H12O2 na C4H11N5, bila majina, nikawaambia watafute uzito wa moli moja. Ya kwanza wakapata 164, ya pili 129. Nikawaambia: moja kati ya hizi inatoka kwenye habasoda, nyingine ni kidonge cha kisukari. Ipi ina kemikali?

Kimya. Halafu kijana wa nyuma akaanza kucheka, darasa zima likamfuata.

Somo linatakiwa lifundishwe kwa Kiingereza, sera ndivyo inavyosema, lakini siku hiyo Kiswahili kilishinda na kwa mara ya kwanza walikuwa wanauliza kuliko ninavyouliza mimi. Tukapima gramu 2 za habasoda kwenye mizani ya maabara, wakaona ilivyo kidogo. Binti mmoja akasema mbona zinafanana na mbegu za vitunguu. Kesho yake nikaleta zote mbili, na kweli, bila kunusa huwezi kuzitofautisha kwa haraka. Tukaongea kuhusu mbegu za vitunguu za dukani zinazopakwa dawa ya wadudu, na itakuwaje mjanja mmoja mnadani akiamua kuchanganya. Hayo hayapo kwenye muhtasari wa somo. Msimamizi wangu alinikata alama kwa kutoka nje ya mada. Sina kinyongo.

Mwisho wa kipindi binti yule wa vitunguu alibaki. Mama yake anatumia habasoda kwa presha na vidonge pia anavyo. Nikamuuliza, daktari anajua? Akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu. “Mwalimu, akisema atagombezwa.”

Nilimwona bibi pale pale.

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapotaka tubishane. Hapa chuo tuna makundi mawili yanayogombana kila siku kwenye grupu. Kuna sisi wauzaji na mashabiki wetu, tunaosema mzungu anaficha tiba. Kuna wenzetu wa kozi za afya, wanaotujibu kwa picha za kucheka. Makundi yote mawili yanafanya kazi moja bila kujua: yanahakikisha mgonjwa hasemi ukweli. Muuzaji anamwambia bibi aache vidonge. Mhudumu anamwonyesha bibi kwamba akitaja mitishamba atachekwa. Katikati hapo bibi anajifunza kunyamaza, na kunyamaza kwake kunagharimu kuliko chupa.

Wenzangu wa afya, najua mnavyochoka. Foleni ndefu, mhudumu mmoja, mgonjwa anakuja na sukari ya 24 baada ya kunywa mafuta. Lakini mnapocheka hamumkomboi, mnamrudisha kwa mwenye spika, ambaye hamcheki kamwe. Anamwita mama, anamwita mzee wangu, anampa muda. Na hata kwa sababu zenu wenyewe mnahitaji kujua: habasoda ikiongezwa juu ya vidonge vya sukari au presha inaweza kushusha kupita kiasi, na kwa anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu kuna hatari ya kutokwa damu. Hamwezi kumlinda mtu na kitu alichokificha kwa sababu yenu.

Na sisi wauzaji. Sisemi tuache kuuza; bumu nalijua, njaa naijua. Nasema tuifute ile sentensi. Mtu akitaka kunywa habasoda na anayo afya yake, ni haki yake, watu wameila maelfu ya miaka. Akiwa na ugonjwa na ana dawa, tumuulize anatumia nini na tumwambie aendelee nazo, aichukue chupa aende nayo kliniki akaionyeshe. Mama mjamzito tusimuuzie kama dawa. Chupa iwe ya kahawia, na orodha ya magonjwa kumi na saba kwenye lebo tuiondoe, kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona aliyepona hata ugonjwa wa tatu kwenye hiyo orodha. Kama biashara haiwezi kusimama bila uongo huo, basi tuuze karanga.

Ila lawama kubwa naiweka kwetu wa ualimu. Kila mwaka tunatawanywa kwenye shule za kata nchi nzima, na tunakwenda kufundisha moli kwa mfano wa kloridi ya sodiamu kana kwamba watoto wanaishi ndani ya kitabu. Nyumbani kwa kila mtoto kuna kichupa, kuna unga kwenye karatasi, kuna mti nyuma ya nyumba unaochemshwa. Mwarobaini, mlonge, habasoda. Mtoto akishajua kuuliza kiasi gani, kwa nani, pamoja na dawa gani nyingine, atakayemuuliza hayo wa kwanza ni mama yake. Mimi sikuuliza, na nilikuwa nimefaulu Kemia kwa alama ya A.

Agosti, nilipomaliza mazoezi, nilipanda gari Mugumu nikaenda Tarime kumsindikiza bibi kliniki. Nilikuwa nimeshamwambia kila kitu, kuanzia ile “haina kemikali.” Alinisikiliza, akasema, “Mwalimu, wewe ulileta kwa upendo,” jambo ambalo lilinikata zaidi ya kama angenichapa. Vidonge amevirudia. Chupa hakutaka kuitupa. Anasema inampa hamu ya kula, na hilo mimi sina mamlaka ya kulibishia. Tulikubaliana kijiko cha chai, na kwamba aseme.

Chumbani kwa daktari nilikaa nyuma. Muuguzi alikuwa mgeni, kijana, pengine amemaliza chuo juzi. Bibi akafungua mkoba, akatoa kadi, akatoa kopo la vidonge, kisha polepole akatoa na chupa, macho yake chini. Muuguzi akaishika, akainusa.

“Habasoda hii, bibi. Unakunywa kiasi gani?”

“Kijiko cha chai. Asubuhi.”

Akaandika kwenye kadi. Basi. Hakuongeza neno. Bibi aligeuka akanitazama kama mtu aliyevuka Mto Mara mvua zikiwa zimejaa akashangaa hajalowa.

Wiki iliyopita dada mmoja wa mwaka wa kwanza alinifuata hosteli. Amesikia nilikuwa nauza, anataka chupa mbili za mama yake mwenye presha. Zipo nne bado, chini ya kitanda, zimefungwa kwenye gazeti zisipigwe na mwanga. Nikamuuliza mama anatumia vidonge gani. Hajui. Nikamwambia apige simu amuulize, halafu tuongee, na kwamba hata nikimpa mama asiache vidonge. Akaniangalia kwa muda, akauliza, “Sasa kama haitibu unauza ya nini?” Nikaanza kumweleza habari ya gramu 2 na wale wagonjwa 94. Hakusubiri nimalize. Nasikia amenunua kwa jamaa wa bloku ya pili, ambaye hana maswali.